Mama Dobi na Waraka wa Ligi Mpya

Kwa miaka kumi na tisa Mama Dobi alikuwa amefua jezi za Povu bila kukosa hata wiki moja, na katika muda wote huo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza anafikiri nini kuhusu mpira. Hakulalamika. Aliujua mpira kwa njia yake. Jezi ya beki wa kulia ikija na majani mabichi mgongoni, alijua siku hiyo winga wa wapinzani alikuwa na mbio. Jezi ya kipa ikija safi, alijua mechi ilikuwa nyepesi, au kipa alikuwa amesimama tu akitazama mabao yakipita. Mambo ya kuotea na kadi za njano aliwaachia wenyewe.

Povu lilikuwa jina la utani la timu hiyo. Ilianzishwa na wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, na jina likaganda. Kiwanda kilipofungwa, mashine zikauzwa kama chuma chakavu na geti likaota kutu, lakini timu haikufa. Wapinzani walipenda kuimba kwamba povu halichelewi kupasuka. Mashabiki wa Povu nao walijibu kwamba povu likikuingia machoni, hata goli unalofungwa hulioni.

Mama Dobi mwenyewe alikuwa amefanya kazi kiwandani humo, idara ya kufungasha. Siku ya mwisho alitoka na beseni moja la bati, akakigeuza chumba cha mbele cha nyumba yake kuwa mahali pa kufulia na kupiga pasi. Mezani blanketi kuukuu lililotandikwa shuka, pembeni ndoo ya wanga, nje kamba sita zilizofungwa kutoka ukutani hadi kwenye nguzo ya umeme iliyostaafu. Kwa kuwa jezi za timu zilianikwa pale, mashabiki nao walijianika pale. Kila alasiri baraza lake lilijaa watu waliokuja kuangalia nguo zikikauka na kubishana.

Mumewe alikuwa fundi wa boila zamani, na watu walimwita Mzee Mvuke, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya hasira zake. Mdogo wake mume, ambaye wote walimwita Mwalimu, alifundisha hesabu shule ya jirani. Ndugu hao wawili walikuwa chanda na pete. Kila Jumapili mchana walikula sahani moja, na Povu ikishinda walikula bila kuacha kitu.

Waraka uliletwa Jumanne, wiki ya tatu baada ya msimu kwisha. Povu walikuwa wamemaliza wa kumi kati ya timu ishirini na nne za Daraja la Kwanza, mahali ambapo mtu hapongezwi wala hapewi pole. Mwenyekiti wa tawi la mashabiki, mtu mmoja mnene aliyekuwa na duka la rangi, alikuja barazani akiwa na kurasa nne mkononi, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba bila kujua nani amekufa.

Shirikisho lilikusudia kuupanga upya mfumo mzima wa ligi. Ligi Kuu ingepunguzwa kutoka timu kumi na sita hadi kumi na mbili. Daraja la Kwanza lingegawanywa kanda mbili, kila kanda timu kumi. Baada ya mzunguko wa kwanza kila kanda ingekatwa katikati, na pointi za kila timu zingegawanywa kwa mbili. Kisha kulikuwa na mchujo, na mchujo wa waliochujwa. Kifungu cha kumi na moja kiliahidi kwamba hakuna timu itakayopoteza hadhi yake ya sasa kwa sababu ya mfumo mpya.

Mwenyekiti alivua miwani. Halafu mtu akauliza kama wamepanda au wameshuka, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mwalimu alisema wamepona. Alichukua chaki mfukoni akachora kwenye mlango wa Mama Dobi, akionyesha kwamba wa kumi hawezi kutupwa nje. Mzee Mvuke alisema wamekwisha, kwa sababu kanda hugawanywa kwa ramani, na kwenye kanda yao vigogo wamejaa kama nini. Kikundi cha tatu, kilichoongozwa na fundi baiskeli, kilishikilia kwamba kifungu cha saba kinazipa timu kumi za juu nafasi ya kucheza mchujo wa kuingia Ligi Kuu, kwa hiyo Povu wako mlangoni kabisa, bado kugonga tu. Alhamisi hicho kikundi cha tatu kilipita mtaani na ngoma kikisherehekea kupanda daraja. Ijumaa watu wa Mzee Mvuke walikaa barazani wameshika tama, wakipokea pole. Timu ilikuwa ile ile, na waraka ule ule.

Mama Dobi alipiga pasi akisikiliza. Alijaribu kufuata. Aliposhika uzi wa Mwalimu, Mzee Mvuke alimpokonya. Aliposhika wa Mzee Mvuke, fundi baiskeli aliukata.

Jumamosi Mzee Mvuke alichukua kitambaa kibichi kutoka kwenye beseni la mkewe akafuta hesabu za Mwalimu mlangoni, zote, hadi rangi ya mlango ikaanza kutoka. Mwalimu hakuja Jumapili. Alikuja Jumatatu, akakaa mwisho wa baraza, na tangu siku hiyo ndugu hao hawakuongea ila kupitia kwa Mama Dobi. Mwambie ndugu yako hivi. Mwambie kaka vile. Naye akawa anabeba maneno asiyoyaelewa kutoka mwisho mmoja wa baraza hadi mwingine, na yakifika yamepinda. Siku moja Mwalimu alimtuma aseme kwamba kanda si kundi. Yeye akafikisha kwamba kamba si kundi. Mzee Mvuke alitafakari muda mrefu, akamtuma arudi amwambie kwamba hata yeye halijui kundi, lakini kamba zimeingiaje.

Ndipo shirikisho lilipoita mkutano. Kila tawi la mashabiki lilete mjumbe mmoja, apewe kadi ya kijani na kadi nyekundu, asikilize maelezo, apige kura. Tawi likakutana kumchagua mjumbe, na kwa saa mbili nzima hakuna upande uliokubali mtu wa upande mwingine. Watu wakachoka. Mwenyekiti, jasho likimtoka, akatazama huku na huku kama mtu aliyepoteza ufunguo, macho yakamwangukia Mama Dobi aliyekuwa anakunja soksi.

Alisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Alisema mama huyu amekaa na timu miaka kumi na tisa, amesikia kila hoja, na hakuna aliyewahi kumsikia akiropoka. Mtu wa namna hiyo anajua anachokijua.

"Mimi nafua tu, Mwenyekiti," alisema Mama Dobi.

Watu wakapiga makofi. Walisema huo ndio unyenyekevu unaotakiwa. Kabla hajamaliza kukunja jozi iliyofuata, alikuwa mjumbe.

Siku zilizofuata kila upande ulimjia kwa siri. Fundi baiskeli alimvizia kisimani akamweleza kifungu cha saba. Mumewe alimweleza ramani asubuhi wakinywa chai, akitumia vikombe kama miji. Mama Dobi alikuwa akisema ndiyo, kwa maana ya kwamba anasikia, na kila mmoja akaondoka akiamini amemshawishi. Mtaa mzima ukatulia, kila upande ukijua kura imo mfukoni. Yeye peke yake ndiye ambaye hakujua angeipiga vipi. Aliusoma waraka mara saba. Mara ya kwanza alielewa nusu; mara ya saba alielewa robo.

Asubuhi moja ambayo nguo zilikuwa chache aliamua kuufanya waraka uonekane kwa macho. Alichukua vibanio vya plastiki vyekundu kumi na sita, akavibana kwenye kamba ya juu: Ligi Kuu. Akachukua vya mbao ishirini na nne, akavibana kwenye kamba ya chini: Daraja la Kwanza. Halafu akaanza kufuata maandishi. Kamba ya juu akabakiza kumi na viwili. Vinne vilivyotoka akavishusha. Kamba ya chini akaigawa kanda mbili, kumi huku, kumi kule. Akamaliza, akatazama mkononi. Alikuwa ameshika vibanio vinane.

Alirudia tangu mwanzo. Vinane. Akarudia kwa kuanzia chini kwenda juu. Vinane vile vile, na sasa mkono ulikuwa unauma. Mwalimu alipopita kwenda shule, alimwita.

"Shemeji, hizi nane zinakwenda wapi?"

Mwalimu alihesabu kwa kidole. "Zinashuka."

"Waraka unasema hakuna itakayoshuka."

"Hazishuki kwa sababu ya mfumo," alisema Mwalimu. "Zinashuka kwa sababu nafasi hazitoshi."

"Nafasi zimepunguzwa na nani?"

Mwalimu alivua miwani akaifuta, akaitazama, akaifuta tena. Kisha akakumbuka kuwa ana madaftari ya kusahihisha, akaenda. Mzee Mvuke, aliyekuwa akichungulia dirishani, alitoka akasema kwamba mdogo wake hajawahi kujua kuhesabu, akahesabu mwenyewe, akapata saba. Kimoja alikuwa amekibana kwenye mkono wa shati lake bila kujua. Mama Dobi alikichukua, akavirudisha vyote kwenye kikapu. Alijiambia kosa ni lake. Watu walioandika waraka ule wamesoma, wana ofisi na mihuri. Haiwezekani wakapoteza timu nane ambazo dobi ameziona.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa chuo kimoja mjini. Wajumbe walikuwa kama sabini, wengi wao wanaume waliovaa skafu za timu zao juu ya mashati ya kuazima. Mama Dobi alikaa safu ya nne, gauni lake limenyooshwa hadi linasimama lenyewe, kadi mbili mapajani. Mbele kulikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cha buluu. Kwa macho ya kazi aliona kwamba kitambaa hicho kilipigwa pasi moto kupita kiasi, na hilo likampa moyo kidogo.

Katibu wa shirikisho alieleza kwa saa nzima. Alikuwa na picha ukutani zenye mishale. Mishale mingine ilipanda, mingine ilishuka, mmoja ulizunguka ukarudi ulikotoka. Wajumbe wakaanza kuchangia. Mmoja alisema mfumo huu utaleta ushindani, mwingine akasema utaua ushindani, na wote wawili walipigiwa makofi na watu wale wale. Mzee mmoja wa kando yake, mjumbe wa timu ya bandarini, alikuwa akitikisa kichwa kwa kukubali kila jambo. Mama Dobi alimnong'oneza amwelezee kidogo.

"Dada," alijibu yule mzee bila kugeuza uso, "mimi nilipotea kwenye mshale wa pili."

Maneno hayo yalimfanya Mama Dobi anyooshe mkono. Hakuwa amekusudia. Mkono ulikwenda juu wenyewe, na kipaza sauti kikaletwa kabla hajapata nafasi ya kuushusha. Kikavuma. Ukumbi wote ukageuka.

Akasema anaomba radhi, yeye ni mfuaji, hajasoma sana. Akasema anaomba kusaidiwa hesabu tu. Sasa hivi timu za madaraja mawili ya juu ni arobaini. Kwenye mfumo mpya yeye amehesabu thelathini na mbili. Na kifungu cha kumi na moja kinasema hakuna itakayopoteza hadhi.

"Naomba kujua hizo nane zitakaa wapi," alisema. "Maana inawezekana mojawapo ni yetu."

Katibu alitabasamu. Akamwinamia jirani yake mezani. Jirani akamwinamia jirani yake. Karatasi zikafunguliwa, zikafungwa. Hatimaye Katibu akasema swali ni zuri sana, na jibu lake liko kwenye kiambatisho.

"Kiambatisho kiko wapi?" aliuliza Mama Dobi.

Kiambatisho kilikuwa bado kinaandaliwa.

Ilikuwa kama kila mtu ukumbini anahesabu kimoyomoyo. Kisha mjumbe wa timu ya bandarini akasimama akauliza kama timu ya bandarini imo kwenye nane. Akasimama mwingine akauliza kuhusu yake. Wakasimama kumi kwa pamoja, halafu thelathini, na wale waliokuwa wakitikisa vichwa kwa kukubali walikuwa wa kwanza kusema tangu mwanzo hawakuelewa kitu. Katibu aligonga meza. Mwenyekiti wa mkutano akatangaza mapumziko ya chai, na baada ya chai akatangaza kwamba kura imeahirishwa. Wajumbe wakaondoka na kadi zao, kijani na nyekundu, bila kuonyesha hata moja.

Mtaani walikuwa wamemsubiri tangu adhuhuri. Baraza limejaa, mumewe upande huu, Mwalimu upande ule, fundi baiskeli ameshika ngoma tayari. Mwenyekiti alimpa kiti, akampa maji, akasubiri anywe, akauliza kwa niaba ya wote: tumepanda au tumeshuka?

"Sijui," alisema Mama Dobi. "Na wao hawajui."

Hawakumwamini. Wengine walidhani ameagizwa asiseme. Fundi baiskeli alimkonyeza, kumwonyesha kwamba ameelewa. Mama Dobi akaeleza tena, polepole, ukumbi ulivyokuwa, mishale, swali lake, kiambatisho kisichokuwapo. Alipofika kwenye timu nane, Mwalimu aliinama akatazama viatu vyake. Alisema, bila kumtuma mtu, kwamba hizo nane aliziona tangu siku ile ya vibanio, akashindwa kukubali. Mzee Mvuke alikohoa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki tano mdogo wake kusema jambo ambalo yeye hakuwa na la kulipinga, na hakujua aufanyie nini mdomo wake. Mwishowe alisema yeye alipata saba.

Jumapili Mwalimu alikuja saa ya chakula bila kualikwa, akakaa mahali pake pa siku zote. Mzee Mvuke alimsogezea sahani. Hakuna aliyeomba msamaha, na Mama Dobi, aliyekuwa amechoka kubeba maneno, hakuuliza.

Waraka wa pili ulikuja baada ya miezi miwili. Huu ulikuwa na kurasa sita. Ligi Kuu ilibaki na timu zake kumi na sita, mambo ya kanda yalifutwa, pointi hazikugawanywa tena. Badala yake kilizaliwa kitu kilichoitwa Daraja la Kati, chenye timu kumi na mbili, na Povu wamo. Tawi likakutana kulisherehekea au kuliombolezea, kutegemea na maana yake. Waraka haukusema kama Daraja la Kati liko juu ya Daraja la Kwanza au chini yake. Ulisema liko sambamba. Mwalimu alitafuta chaki mifukoni, halafu akaacha.

Pamoja na waraka ilikuja barua ya Mama Dobi mwenyewe. Shirikisho lilimwomba akubali kuwa mjumbe wa kamati ya kufafanua mfumo mpya kwa mashabiki. Aliisoma, akampa mumewe, akaichukua akaisoma tena, akidhani imekosea anwani. Wiki nzima alisema hatakwenda. Kisha alikwenda, kwa sababu Mzee Mvuke alimwambia jambo ambalo hakuwa amelitarajia kutoka kwake.

"Mke wangu, humo ndani wote wanajifanya wanajua," alisema. "Angalau awepo mmoja asiyejifanya."

Amekwishahudhuria vikao viwili. Kila kitu kikielezwa, wenzake humgeukia yeye, na akisema hajaelewa, wanakiandika upya. Mara ya kwanza aliona aibu. Mara ya pili aligundua kwamba wanaokiandika upya nao huhema kwa afueni. Hata hivyo, ukimuuliza leo akueleze mfumo wenyewe, atakueleza vizuri hadi katikati, halafu atasimama, atatazama juu, na kuanza upya.

Mechi ya kwanza ya msimu Povu walicheza na timu ambayo mtaa mzima haukuwahi kuisikia, kutoka upande wa mbali wa nchi. Walitoka sare, mbili kwa mbili, mvua ikinyesha. Kesho yake asubuhi meneja wa wageni alibisha hodi kwa Mama Dobi na magunia mawili ya jezi zenye tope hadi kwenye kola. Aliomba zifuliwe kabla hawajaanza safari. Alikuwa mtu mpole, mwenye koti la mvua lililomzidi. Alibaki mlangoni baada ya kuambiwa zitakuwa tayari saa nane, akionekana ana jambo.

"Samahani, mama," alisema mwishowe. "Nimesikia wewe ni mtu wa kamati. Sisi kwetu tuliambiwa huku ni kupanda. Tukafurahi sana, hata mkuu wa wilaya alikuja. Sasa jana dereva wangu kaambiwa na watu wa hapa kwamba huku ni kushuka."

Mama Dobi alitoa jezi moja kwenye gunia, akainyoosha mbele ya mwanga. Namba sita. Tope lilikuwa kifuani na viwikoni, si mgongoni. Mtu huyu alianguka mara nyingi akikimbilia mbele.

"Karibu ukae, baba," alimwambia. "Tuanze na ulichoambiwa wewe."